Fundi Friji wa Tamarack

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Septemba, Leland Pelkola alitoa kabatini tai yake ya pekee, akapanda ndege mbili, akakodi gari, akarudi kwao kaskazini kabisa mwa Michigan kuwashawishi vijana wakafanye kazi asiyoruhusiwa kuitaja. Hakuna aliyeona ajabu. Kampuni ya Brantwell ya huko Alabama ilikuwa imeshagundua kwamba kijana wa uhandisi hamsikilizi mtu wa ofisi ya ajira hata aje na keki. Humsikiliza yule aliyekalia viti vilevile vya chuo chake, akagandishwa masikio na upepo uleule wa Ziwa Superior, akafelishwa hesabu na profesa yuleyule. Basi kila Septemba Brantwell iliwatawanya wahandisi wake, kila mmoja kwenye chuo kilichomlea, na fungu la Leland lilikuwa Chuo cha Uhandisi cha Tamarack.

Tuseme ukweli, kipaji cha kazi hiyo hakuwa nacho. Katika miaka kumi na miwili alikuwa amepata vijana wanne, na wawili kati yao walilikimbia joto la Alabama kabla hata Krismasi haijafika.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Leland alibakiza mwaka mmoja astaafu, na wakubwa wake walimwambia bila kuzunguka: asipopata kwenye maonyesho ya kazi ya chuoni mtu wa kurithi meza yake ya ofisini, meza itafungwa na shughuli yote itapelekwa tawi la California, kwa watu ambao, kwa maoni ya Leland, barafu wameiona kwenye glasi tu. Hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri. Watoto hakuwa nao. Mke alikuwa naye zamani, akachoka kula chakula cha jioni na mtu ambaye jibu lake ni "siwezi kusema," akaolewa na daktari wa meno, mtu anayesimulia kila kitu. Kwa hiyo meza ikifungwa, miaka thelathini na miwili ya Leland itafungwa nayo, na hapatakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kujua alikuwa akifanya nini humo ndani.

Kwao, lakini, kila mtu alijua anachofanya. Leland alikuwa fundi friji.

Kosa lilikuwa lake. Alipoajiriwa, maofisa wa usalama walimfundisha kwamba akiulizwa na ndugu, atoe jibu fupi, la kweli kidogo, na la kuchosha sana. Baba yake, mzee Onni, mchimba shaba wa siku nyingi, alimuuliza kwenye simu, "Enhe, wamekupa kazi gani?" Leland akajibu, "Mambo ya ubaridi, Baba." Mzee Onni akafikiri kidogo, akasema, "Friji," na tangu siku hiyo habari ikaenea mji mzima. Mvulana wa Onni amekwenda kusoma miaka minne, kajifunza kutengeneza friji, na sasa anatengeneza friji za watu wa Kusini. Leland hakukanusha. Jibu lilikuwa fupi, la kuchosha, na maofisa wangelipenda.

Adhabu yake ilikuwa ikimngoja gerejini kila Septemba. Msimu wa kuwinda paa huanza Novemba, na kila nyumba huko ina friza la kuwekea nyama, na kila friza huamua kufa wiki chache kabla. Jumapili hiyo, Leland alipoegesha gari, aliyakuta mafriza manne yamejipanga kama wagonjwa wa zahanati, kila moja limebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe.

"Umechelewa," alisema mzee Onni, miaka themanini na tisa, amekaa kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa. "Lile la mchungaji ndilo la haraka. Ana keki za harusi mle."

"Baba, hata koti sijavua."

"Vua basi. Nani kakuzuia?"

Alipofika friza la tatu, mlango wa gereji ulisukumwa, akaingia msichana mrefu mwenye kofia ya sufu, anavuta kitoroli kilichobeba friza la tano.

"Shikamoo, Babu Onni. Bibi anasema lake limegoma tena."

"Tess! Leta, leta. Huyu ndiye Leland wangu, fundi. Leland, huyu ni mjukuu wa Winnie Trevarrow, mtaa wa juu. Anasoma palepale chuoni kwako, yuko mwaka wa mwisho."

Leland alimwamkia kwa kichwa, akainama kutafuta testa kwenye mfuko wa vifaa. Alipoinuka, msichana alikuwa ameshachomeka friza kwenye umeme, amepiga magoti nyuma yake, na ameweka kiganja juu ya mota huku amefumba macho.

"Inajaribu," alisema Tess. "Inashindwa. Inapumzika. Inajaribu tena." Akafumbua macho. "Mota haina neno. Ni kile kidude cha kuiwasha kimechoka."

Leland alisimama na testa yake mkononi kama mtu aliyekuja msibani na zawadi ya harusi. Alipima. Kidude cha kuiwasha kilikuwa kimechoka. Wahandisi wa Brantwell aliokuwa nao ofisini, wenye shahada mbili mbili, wangefungua kompyuta kwanza. Huyu alisikiliza kwanza. Hata yeye mwenyewe ilimchukua miaka sita pale mezani kujifunza kuweka mkono kabla ya kusoma namba.

"Umefundishwa na nani?" aliuliza.

"Bibi. Tumeishi na hili friza miaka kumi na tano. Ukiishi na mgonjwa utamjua tu." Tess alijipangusa mikono kwenye suruali. "Na mwakani huenda ikawa ndiyo kazi yangu. Kuna kampuni ya friji kule Wisconsin, wamenipa nafasi. Wananitaka niwajibu Ijumaa."

"Umeona?" mzee Onni alimwambia mwanawe kwa furaha. "Mwenzako."

"Na wewe uko kampuni gani kule Kusini?" Tess aliuliza. "Pengine mnanunua vitu vyetu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angesema: binti, kaa chini, nina jambo. Leland alikohoa, akasema, "Kampuni ndogo tu," akageukia friza la mchungaji. Brantwell ina watu elfu tisa.

* * *

Jumanne maonyesho yalifunguliwa katika ukumbi wa mpira wa kikapu. Meza themanini, vitambaa vya kila rangi, na vijana waliovaa suti za kaka zao wakipita na mifuko kukusanya vya bure. Kuna waliokuja kutafuta kazi, na kuna waliokuja kutafuta soksi. Brantwell mwaka huo ilikuwa na soksi zenye picha za meli ndogondogo na ilikuwa imepata foleni nzuri.

Mwenye soksi alikuwa Marisol, mwanamke wa makamo wa ofisi ya ajira, ambaye alikuwa akisafiri na Leland kwa mwaka wa pili na alishamzoea kama mtu anavyozoea goti linalouma. Yeye alitabasamu na kugawa soksi. Leland alisimama nyuma yake katika koti lake la zamani la chuo, rangi ya kijani na shaba, akimpa kila kijana kijitabu cha kampuni na kumweleza kwamba kazi ni nzuri, ina maana, na haiwezekani kuelezwa.

Mara akaona kofia ya sufu.

Tess alisimama mbele ya meza. Alitazama bango lililokuwa nyuma ya Leland, ambalo lilikuwa na manowari yenye urefu wa mita tatu inayopasua mawimbi. Akamtazama Leland. Akalitazama bango tena.

"Friji kubwa hiyo," alisema.

Marisol aligeuka. "Mnajuana?"

"Alinitengenezea friza juzi. Baba yake anauambia mji mzima yeye ni fundi friji."

"Ati nini?" Marisol aliweka soksi chini. Alikuwa amepata kitu cha kumtania Leland hadi uwanja wa ndege.

"Tess, sikiliza," Leland alisema haraka. "Ningekuambia siku ile, ila... Ninamtafuta mtu. Mmoja tu. Wa kukaa mezani kwangu nikiondoka. Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na miwili na sijaona mtu anayeweka mkono kama ulivyouweka wewe Jumapili. Ninakutaka wewe."

Ilionekana maneno yamemwingia msichana. "Sawa. Mnatengeneza nini?"

"Siwezi kusema."

"Kwa juujuu tu."

"Hata juujuu."

"Ni kitu kinachozunguka? Kinachopaa? Kinalipuka?"

"Tess, siwezi kusema."

"Mzee, wale wa Wisconsin wamenitembeza kiwandani," Tess alisema, na sasa hakuwa akitania. "Wamenionyesha mchoro. Nimeona meza nitakayokaa, hadi dirisha lake. Wewe unataka nikupe maisha yangu kwa sababu niliweka mkono juu ya friza la Bibi, halafu hutaki hata kuniambia kama kitu chenyewe ni cha moto au cha baridi?"

Leland alipanga upya vijitabu vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Basi nipe soksi," alisema Tess, akachukua jozi mbili, moja ya Bibi, akaenda zake. Aliondoka na kijitabu pia, maana Leland, kwa mazoea, alikuwa ameshamtia mkononi.

Leland aliketi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili aliketi katikati ya maonyesho. Alimwona msichana akipotea kati ya suti, akaona na meza yake ikienda California ndani ya sanduku.

Marisol alimgeukia. "Leland, naomba nikuulize. Kwa nini umemwambia huwezi kusema?"

"Kwa sababu siwezi kusema."

"Kuhusu upozaji wa rada?"

Leland aliruka kana kwamba ametukaniwa mama yake. "Shh! Marisol! Watu hawa!"

"Watu hawa wameshikilia kijitabu mikononi," Marisol alisema polepole, "na ukurasa wa nne unaeleza rada ya meli zile za zamani, na jinsi inavyopozwa, kwa michoro. Siri yake ilifunguliwa miaka sita iliyopita, Leland. Serikali yenyewe ilitoa ruhusa. Iko makumbusho. Kuna kalenda."

"Haiwezekani. Ningeambiwa."

"Uliambiwa. Imo kwenye mafunzo ya usalama ya kila mwaka. Unasoma, unabonyeza 'nimesoma na nimeelewa.'"

Kila mwaka Leland alibonyeza. Alibonyeza akiwa amesimama, mkono mwingine umeshika kahawa, kwa kuwa mtu aliyetunza siri miaka thelathini hahitaji kufundishwa kutunza siri. Ni kosa ambalo mtu mpayukaji hawezi kulifanya hata akijaribu.

Alichukua kijitabu kimoja kutoka kwenye bunda. Alikuwa amegawa mamia, kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwa amefungua hata kimoja, maana aliamini kwamba hamna kitu ndani. Alifungua ukurasa wa nne. Kulikuwa na mchoro wa mabomba yake, na chini yake picha ya meza yake, na mezani, ameipa mgongo kamera, mtu ameinama na kiganja juu ya pampu. Alikijua kipara kile.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ni wewe," alisema Marisol. "Mapya ndiyo hayasemwi, ya meli zinazokuja. Ya zamani unaweza kumwimbia." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamkabidhi soksi.

* * *

Jumatano alasiri Bibi Winnie Trevarrow alileta pai za nyama kama shukrani ya friza, na Tess alikuja akiwa amebeba bakuli kwa sababu bibi hakumpa nafasi ya kukataa. Walikaa wanne jikoni kwa mzee Onni. Tess alikata pai yake bila kumtazama mtu.

Leland hakugusa chakula. Alikuwa ameweka kijitabu mezani, karibu na chumvi. Hakuwa amewahi kusema maneno haya kwa sauti nje ya jengo lenye mlinzi.

"Baba," alisema. "Mimi si fundi friji."

Mzee Onni aliendelea kutafuna. "Lile la mchungaji linanguruma vizuri sana."

"Sikiliza, Baba. Ninafanya kazi kwenye rada. Za meli za kivita." Alifungua ukurasa wa nne. "Rada ni jicho la meli. Lile jicho likifanya kazi linapata joto, joto la kuchemsha sufuria mia. Likizidi, jicho linapofuka, na meli inabaki baharini haioni kinachokuja. Mimi ndiye ninayelipoza. Maji yanapita humu, nyuma ya hivi vibao, yanazunguka huku, pampu hizi tatu zinayasukuma, yanarudi baridi. Hakuna meli hata moja ya aina ile iliyopofuka kwa joto tangu niikalie ile meza. Hata moja, Baba." "Nilikuwa nataka mtu ajue."

Mzee Onni alivaa miwani, akavuta kijitabu, akafuata bomba kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudi kwenye pampu, akafuata tena. Alikuwa amezibua mabomba ya maji kule mgodini miaka thelathini, bomba analijua.

"Linatoa joto humu ndani, linalitupa huku nje," alisema.

"Ndiyo."

"Linazunguka, linarudi."

"Ndiyo, Baba."

Mzee alivua miwani. "Ni friji."

Bibi Winnie aliishika meza kwa kicheko. Tess aliuma midomo, akashindwa, akacheka hadi akaweka uma chini. Leland aliangalia mchoro wake wa miaka thelathini na miwili, akatafuta neno la kumpinga baba yake kisayansi, akalikosa.

"Ni friji kubwa," alisema mwishowe.

"Na miaka yote hii umeniacha nawaambia watu ukweli huku ukidhani nimedanganyika," alisema mzee Onni. Alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Lakini ungeniambia, Leland. Hilo la jicho. Mama yako angelipenda hilo la jicho. Kafa akijua unatengeneza friji za watu wa Kusini."

Leland aliitikia kwa kichwa. Mama yake alikufa miaka minne iliyopita. Ruhusa ilikuwa na miaka sita. Alihesabu hapohapo mezani, na ilimuuma sana.

Tess ndiye aliyevuta kijitabu sasa. Kicheko kilikuwa kimemwishia. "Nina swali, na usinijibu kama kwenye meza yenu ya soksi. Hicho kitu kinaua watu?"

"Kinaona," alisema Leland. Alitaka kuishia hapo. Ndivyo walivyofundishwa kuishia. Alimtazama msichana aliyefumba macho kusikiliza friza. "Lakini kinachoona ndicho kinachokiambia kinachopiga, kipige wapi. Sitakuficha. Kuna siku nimelala vizuri kwa sababu ya kazi hii, na kuna siku sikulala. Friji za Wisconsin utalala kila siku."

"Na vijana walioko ndani ya meli?"

"Mia tatu kila moja. Wengi wao ni wa umri wako."

Tess alikaa na jibu hilo. Halafu akainamia mchoro, akaweka kidole. "Hii pampu ya tatu mmeiweka mbali sana na zile mbili. Si inalia?"

Leland aliegemea kiti. Hakuna mtu nje ya lile jengo aliyewahi kumuuliza swali hilo, na ndani ya jengo waliolijua walikuwa wawili, mmoja marehemu. "Inalia kama mtoto," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Tulia, nikuonyeshe."

Walikaa pale hadi pai zikapoa. Mzee Onni na Bibi Winnie walihamia sebuleni kutazama mpira, maana mambo ya friji walikuwa wameshayaelewa.

Ijumaa saa sita mchana simu ya Leland iliita uwanjani, akiwa kwenye foleni ya ndege, Marisol yuko nyuma yake.

"Nimewajibu watu wa Wisconsin," ilisema sauti ya Tess. "Nimewaambia asante. Sasa niambie, huko Alabama kuna joto kiasi gani?"

"Siwezi kusema," alijibu Leland, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anatania.

* * *

Novemba ya mwaka uliofuata, siku moja kabla ya msimu wa paa, Leland alikuwa gerejini kwa baba yake, mikono imejaa grisi. Alikuwa amestaafu Septemba na kurudi kwao moja kwa moja. Alimwachia Tess meza, testa yake, na miezi mitatu ya kukaa naye bega kwa bega hadi msichana alipoanza kumsahihisha. Siku ya mwisho alikabidhi kitambulisho mlangoni kwa mlinzi, akatia saini, akatoka. Mzee Onni, sasa wa miaka tisini, alikuwa akiuambia mji kwamba mwanawe ni fundi friji wa manowari, na mafriza yalikuwa yameongezeka hadi saba.

Tess alikuja likizo kuwinda. Aliingia jikoni kwa mzee Onni na theluji mabegani, amepungua mwili kidogo, amekomaa macho. Bibi Winnie alimkumbatia, akamkalisha, akamwuliza kabla hajavua kofia, "Enhe, kazi ikoje huko? Unafanya nini hasa?"

"Mambo ya ubaridi, Bibi," alisema Tess.

"Vizuri. Maana langu limegoma tena."

Leland aliingia kutoka gerejini, akanawa mikono haraka, akavuta kiti karibu. Alikuwa amengoja majuma sita. Tangu aondoke, hakuna usiku aliolala bila kuyapitia kichwani yale mabomba mapya, ya meli zinazokuja, aliyoyaanza mwenyewe na kuyaacha nusu. Alikuwa na mawazo mawili mazuri kabisa kuhusu pampu yake ya tatu.

"Sasa," alisema kwa sauti ya chini, macho yanamng'aa. "Ile pampu ya tatu, ya mfumo mpya. Mmeisogeza? Bado inalia?"

Tess aliinua kikombe chake cha kahawa, akakiangalia ndani. Uso ulimwiva.

"Tess. Ni mimi."

"Najua ni wewe, mzee."

"Mimi ndiye niliyeichora."

"Najua." Alimtazama, na ilionekana wazi kwamba inamuuma. "Siwezi kusema."

Leland alikaa na mikono yake magotini. Alijisikia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga, na palepale, bila kupenda, alijisikia fahari iliyomjaa hadi kooni, kwa sababu msichana amejibu sawasawa, na meza iko mahali pake, na kuna mtu ameikalia.

Kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko, mzee Onni alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama mwanawe bila hasira yoyote.

"Chungu, eh?" alisema. "Mimi nimeinywa dawa hiyo miaka thelathini na miwili, na mama yako hadi kufa kwake." Akamsogezea sahani ya pai. "Kula, halafu kamtengenezee Winnie friza lake."